Walikuja Kongwa na Mamilioni, Wakashindwa na Karanga

  

Leo siongelei matangazo ya kulipia wala saa nzuri ya kuposti. Hayo yameongelewa sana humu na watu wanaoyajua kuliko mimi. Nataka tuongee jambo ambalo wengi tunadhani ni la wasomi, kwamba biashara ni kazi ya kufikiri na kubuni, sawa na kazi ya mchonga zeze au mtunga mashairi. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Falsafa hailipi pango la fremu." Sawa, kaka. Mimi nasema inalipa, tena bila hiyo unaweza kupoteza pango, fremu na mzigo wote. Ushahidi ninao na uko hapa hapa ninapokaa.

Nauza karanga na ubuyu kutoka Kongwa. Natuma kwa basi Dar, Morogoro na mara moja moja Mwanza. Wateja wangu karibu wote nimewapata WhatsApp na Instagram. Kwa hiyo nikisikia neno "karanga" na neno "Kongwa" katika sentensi moja, nasimamisha masikio. Na hayo maneno mawili yana historia kubwa kuliko biashara yangu, historia ambayo vijana wengi wa hapa wanaijua nusu nusu.

Iko hivi. Mwaka 1946 Vita Kuu ya Pili imeisha, na Uingereza mafuta ya kula ni ya mgao. Bosi mmoja wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa chini ya Unilever, aliyeitwa Frank Samuel, akaja na wazo kwamba walime karanga Afrika Mashariki kwa mashine, mashamba makubwa ambayo dunia haijapata kuona. Serikali ya Uingereza ikaleta timu ndogo ya wataalamu chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo hapa Tanganyika. Wakazunguka wiki chache tu, sehemu kubwa wakiangalia kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa ndiyo ikawa mahali pa kuanzia, mwaka 1947. Baadaye ikafuata Urambo, na kusini upande wa Nachingwea.

Jamani, mtaji ulikuwepo. Yaani siyo huu mtaji wetu wa kukopa kwa wifi. Walinunua matrekta yaliyobaki vitani, mengine yametoka Ufilipino yakiwa yamechoka tayari. Walichukua vifaru vya Sherman wakavigeuza kuwa matrekta, wakaviita Shervick. Walijenga tawi la reli kuja Kongwa. Walichukua minyororo ya nanga za meli, wakafunga kila upande tingatinga moja, wakaburuta mnyororo katikati ili ung'oe vichaka. Fikiria huyo mnyororo wa meli hapa Kongwa, bahari iko wapi!

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Udongo wetu mvua ikinyesha unalimika vizuri, ila kiangazi kikikolea unakauka ukawa kama saruji, na ule mchanga mkali ndani yake unasaga chuma. Sasa karanga inazaa chini ya ardhi. Ukitaka kuivuna lazima udongo ukuachie. Kila mwenye jembe hapa anajua hilo. Mvua nayo ni ya msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na huo msimu wenyewe una kiburi, unaweza kukata katikati kwa wiki tatu bila kuaga. Ndiyo maana wazee wa Kigogo walishika mtama, uwele na ng'ombe. Hawakuwa wajinga wasiojua biashara. Walikuwa wamejibu swali la hapa kwa karne nyingi, na jibu lilikuwa limesimama shambani, linaonekana kwa macho.

Mwaka 1949 ukame ukapiga. Januari 1951 serikali kule London ikatangaza kwamba basi. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimeondoka. Sehemu ya ardhi ikawa ya kufugia ng'ombe, na mpaka leo Kongwa inajulikana kwa ranchi.

Nisikilize vizuri hapa. Wale watu hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na wahandisi, wahasibu, watu waliotoka kupigana vita kubwa wakashinda. Hesabu zao za karatasini zilikuwa safi. Hilo ndilo linalonitisha mimi. Walikuwa na jibu la "tutazalisha kiasi gani" kabla hawajauliza "hapa ni mahali gani, na wanaoishi hapa wanajua nini." Swali la pili halina hesabu ndani yake. Linahitaji kukaa chini, kutazama, kusikiliza, kubadili mawazo. Ukitaka kuiita falsafa, iite. Mimi naiita kazi ya kwanza ya biashara.

Sasa tuje kwetu.

Kuna dada mmoja wa upande wa Mbande, sitamtaja. Aliuza mbuzi akanunua mzigo wa mikoba ya China kwa sababu aliona ukurasa mmoja wa Kariakoo unauza mikoba hiyo hiyo kwa fujo. Picha akachukua zile zile. Maneno akachukua yale yale, mpaka vile vialama vya moto. Hata "bei inboksi" akaiacha ilivyo. Mikoba ilikuwa mizuri kweli. Lakini mteja wa Dar hana sababu ya kununua mkoba wa Kariakoo kutoka Kongwa, na mteja wa Kongwa anaweza kuuagiza Kariakoo mwenyewe. Yeye alikuwa amesimama katikati, hana anachoongeza. Naambiwa bado anayo saba ndani ya begi.

Watu wanasema alikosea kuchagua bidhaa. Mimi sikubali. Bidhaa yoyote angechagua kwa njia ile ingemrudia, kwa sababu hakuichagua, aliinakili. Na kurasa nyingi za mafunzo zinatufundisha kunakili: tafuta kinachotoka, ingia, shusha bei, pata wateja. Wakiingia watu 50 kwa mafunzo hayo hayo, kinachobaki ni kushindana nani ana uwezo wa kupata hasara muda mrefu zaidi. Siyo sisi.

Kubuni ninakosema siyo lazima uvumbue kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Watu wa Pwani wananielewa. Kanga ilikuwa inauzwa, kitambaa ni kitambaa. Mombasa kulikuwa na mfanyabiashara, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake mpaka leo zinaitwa Mali ya Abdulla, duka lililoanza mwaka 1887. Anatajwa miongoni mwa walioeneza kanga zenye maneno. Angalia jambo lenyewe lilivyo dogo: mstari mmoja wa maneno chini ya pambo. Lakini kuanzia hapo mwanamke hakununua kitambaa peke yake. Alinunua cha kumwambia jirani bila kufungua mdomo! Mtu aliyefikiria hivyo alikuwa amekaa akawatazama wateja wake wakiishi, siyo wakinunua tu.

Mfano mwingine uko sokoni kwako, na hauna jina la mtu. Fungu. Mama anapanga nyanya tano, tatu chini, moja pembeni, moja juu, bei mia tano. Msimu ukibadilika bei inabaki mia tano, fungu ndilo linapungua au kuongezeka. Hana mzani, hana kikokotoo, na mteja hajawahi kulalamika kwamba bei imepanda. Nani alibuni hiyo? Mimi nikiangalia fungu lililopangwa vizuri naona akili kuliko matangazo mengi humu ndani.

Ubuyu sasa, maana hapo ndipo napopatia ugali.

Wale jamaa wa karanga walipofika, kitu kilichowasumbua sana ni mibuyu. Kichaka kinang'oka, mbuyu hauendi. Mti una unene wa nyumba, na ndani yake mara nyingi wapo nyuki, sasa dereva wa tingatinga aibukie wapi. Kwenye ramani yao mbuyu ulikuwa kizuizi. Gharama ya kuondoa. Hakuna aliyeuandika upande wa mali.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kwao kama chakula, na mwaka uliofuata Marekani ikafungua mlango. Leo ule unga mweupe mchachu ambao sisi tuliulamba tukitoka shule unauzwa kwenye vipakiti vya bei ya ajabu ughaibuni. Sisemi kwamba mwaka 1947 mtu angeweza kujua hayo. Hakuna ambaye angejua. Ninachosema ni kwamba mtu anayeangalia mahali kwa jicho la "hiki kinanizuia" atapita juu ya mambo mengi sana. Wewe uliye Singida, Ifakara, Mtwara, Kigoma, kuna kitu hapo kwako umekizoea mpaka hukioni. Umekiandika upande wa kizuizi. Pengine ni umbali wako na mji. Kwangu umbali ndiyo bidhaa: mteja anataka ubuyu uliotoka mtini Kongwa, siyo uliozunguka maghala matatu ukapigwa rangi. (Sina ugomvi na ubuyu wa rangi wa Zanzibar. Naula. Ni kitu kingine kabisa.)

Lakini hapa ndipo falsafa inapouma, kwa sababu inagusa hela.

Wateja wananiuliza kila wiki: "Ubuyu unatibu sukari? Unasafisha kizazi? Unapunguza kitambi?" Wapo wauzaji wanaojibu ndiyo kwa yote matatu, na wanauza. Nawaona, stetasi zao nazitazama kila siku. Mimi nasema ubuyu una vitamini C, kwa sababu una. Nasema unafaa kwenye uji na juisi. Nikiulizwa kuhusu ugonjwa nasema, "Mama, hilo muulize daktari, mimi muuza chakula." Kuna mama mmoja aliniambia wazi kabisa, "Basi ngoja niende kwa anayejua." Akaenda.

Ni oda nimepoteza, sikatai. Ila nimejiuliza: mimi nauza nini hasa? Nikisema natibu, nimebadilisha biashara bila kusajili. Nimekuwa mganga, na mganga anadaiwa matokeo. Nikisema nauza chakula kitamu kutoka kwenye mti fulani wa mahali fulani, nadaiwa utamu na ukweli wa mahali. Hayo madeni nayaweza. Kila mmoja wetu anachagua deni la namna hiyo anapoandika maneno ya tangazo, hata kama hajui kwamba anachagua.

Suala la kipimo nalo ni hilo hilo. Wanaofika soko la mahindi la Kibaigwa wanaijua lumbesa: gunia linajazwa, linashindiliwa, halafu linashonewa kichuguu juu, na mkulima analipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza na Wakala wa Vipimo wamepigia kelele miaka mingi, lakini lumbesa ina roho ngumu. Sisi wa mtandaoni tunaona hayo ni ya watu wa magunia. Kumbe na sisi tuna lumbesa yetu, kwa upande wa pili. Mteja wetu hawezi kuingiza mkono ndani ya gunia. Hawezi kunusa wala kuonja. Picha ndiyo debe letu. Ukipiga pakiti ya gramu 250 kwa karibu sana ikaonekana kama kilo, hukusema uongo kwa mdomo, ila kipimo umeshakivuruga.

Mimi karanga napiga picha zikiwa ndani ya kikombe cha chai, kile cha bati cha kila nyumba, na kiganja pembeni. Mtu anajua mara moja anapata kiasi gani. Nilipoanza hivyo maswali ya "ni nyingi?" yalipungua sana. Na kuna jambo sikulitarajia, watu walianza kuniandikia kuhusu kikombe. "Umenikumbusha kwa bibi." Mmoja alinunua karanga, halafu akauliza kikombe ni bei gani. Sasa hapo ubunifu na uaminifu vilikuwa kitu kimoja, sikuweza hata kuvitenganisha.

Naongezea upesi tu, maana kuna watu watanielewa vibaya: kufikiri hakuondoi daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wale wa 1947 walikuwa na madaftari wakapotea, lakini hiyo haina maana ukiyatupa utafika. Andika. Tenga hela ya mzigo na hela ya kula. Hayo yana masomo yake humu.

Swali ambalo mimi bado linanisumbua ni la kiasi. Humu ndani kila mtu anahubiri kukua. Kua, panua, ongeza, fungua tawi. Sipingi kukua, watoto wana ada. Ila kila kitu kina mwendo wake. Karanga naweza kuongeza, nikipata wakulima wawili zaidi upande wa Mlali nimeongeza. Ubuyu hapana. Mbuyu hausikilizi mtaji. Ukipanda leo utasubiri miaka mingi kabla hujaona tunda, kwa hiyo mibuyu iliyopo ndiyo iliyopo, na wanaookota na kupanda juu kuangua ni watu walewale ninaowajua kwa majina. Nikipokea oda kubwa kuliko mibuyu yao, kuna mambo mawili yatatokea. Ama nitachanganya na ubuyu nisioujua ulikotoka, ama nitawasukuma waangue machanga. Yote mawili yanaua kile kitu ambacho mteja alinifuata.

Na hili siyo la mfano tu. Mwezi huu mnunuzi mmoja wa Dar amenitafuta. Anataka kilo 200 kila wiki, kwenye viroba vyeupe visivyo na jina, yeye ataweka lebo yake. Bei yake kwa kilo ni ndogo, ila ukizidisha mara 200 mara wiki nne, kichwa kinazunguka. Kwa mara ya kwanza ningeweza kumaliza lile chumba la uani. Mume wa dada yangu anasema nikikataa nimelogwa.

Nilikaa na hesabu jioni mbili. Halafu nikaenda kuwauliza akina mama wanaoangua, siyo kuwatangazia, kuwauliza. Mmoja alicheka. Akasema kwa mibuyu ya upande wao, kilo 200 kwa wiki zinawezekana wiki kama sita, halafu wote turudi nyumbani tukalale. Wengine walisema wangejaribu, kwa sababu hela ni hela, na sikuwaona na kosa.

Nimemjibu mnunuzi hivi: naweza kilo 40 kwa wiki, msimu wa ubuyu tu, bei ya juu kidogo kuliko aliyotaja, na kwenye kila pakiti jina la Kongwa libaki, hata kama ni kwa herufi ndogo chini ya lebo yake. Kama anataka mzigo mkubwa, nimuunganishe na mtu wa karanga.

Nilimtumia juzi saa mbili usiku. Tiki za bluu nimeziona, jibu bado. Nyie mngemwambiaje?